Kichaka kimekufa au kimelala? Jinsi ya kupima vichaka vya nyumbani baada ya baridi kali ya Texas

Kila mwaka ikifika mwisho wa Februari simu yangu haipumziki. Kwanza inaingia picha ya kichaka cha kahawia kimesimama mbele ya nyumba kama fagio la chelewa, alafu sekunde mbili baadaye swali, "kaka, hiki bado kipo au nichimbe?" Namjibu huyu, kesho anauliza mwingine, keshokutwa yule wa kwanza anarudi na picha ya upande wa pili wa nyumba. Basi nimeona niandike mara moja kila mtu asome, hasa sisi wa Dallas na Fort Worth na kuteremka mpaka Austin na Houston, watu tuliokulia sehemu ambako adui wa maua ni jua na mbuzi wa jirani, tukaja huku tukachukua nyumba ina vichaka tayari na hakuna aliyetuambia barafu inavifanyaje.

Jibu langu la siku zote ni kwamba hujui mpaka Mei, na kazi kubwa hapo katikati ni kuuzuia mkono wako. Nyumbani mbuyu ukipukutisha majani wakati wa kiangazi hakuna anayeuangalia akasema umekufa, kila mtu anajua unasubiri mvua. Huku ni vilevile, ila kinachosubiriwa ni joto.

Mi nilijifunza kwa hasara, 2021. Ile Februari wote tuliokuwepo tunaikumbuka, umeme umekatika, mabomba yamepasuka, kaunti zote 254 za Texas ziko chini ya tahadhari ya dhoruba kwa wakati mmoja. Tarehe 16 pale uwanja wa ndege wa DFW (Dallas na Fort Worth) kipimo kilishuka mpaka -2 za Farenhaiti, yaani kama -19 za Selsiasi, baridi ambayo haijaonekana pale tangu 1949, na hata Houston kwenye joto lao lile walifika 13, sawa na -10 na kitu. Barafu ilipoyeyuka bustani yangu nzima ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya pili ya Machi nikashika sururu nikang'oa olianda tatu, zile zile zinazopandwa kandokando ya barabara kwetu, maua ya pinki na meupe. Nimetoka jasho siku nzima. Jirani yangu mzee mmoja wa Kimexico alikuwa na mbili kwenye ua wake, zimekauka kuliko zangu, yeye alikaa tu kwenye kiti chake ananiangalia. Mei zake zikachipua kutoka chini, mwisho wa kiangazi zimemfika kifuani. Mpaka leo hajaniambia kitu, tukionana anacheka tu.

Nadharia nitaweka kidogo sana. Marekani wana ramani ya idara yao ya kilimo, USDA, inayogawa nchi kwa kanda za baridi, na Dallas iko kanda ya 8, yaani mwaka wa kawaida usiku wa baridi kuliko yote unacheza kati ya 10 na 20 za Farenhaiti. Wauza miche wanauza vya kanda hiyo, na mara nyingi vya kanda ya 9 pia kwa sababu vinapendeza. 2021 ikaleta baridi ya kanda ya 6. Kwa hiyo vichaka vingi vilivyokufa havikufa kwa uzembe wako, vilipewa baridi ambayo havikuzaliwa nayo. Lakini udongo unashuka joto polepole kuliko hewa, ndo maana juu kunaweza kufa kote na mizizi ikabaki hai.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kisu kidogo chenye makali (ukucha nao unafaa kwa matawi membamba), mkasi wa bustani, msumeno wa mkono kwa mashina manene, glavu, spiriti ya asilimia 70 na kitambaa cha kufutia makali, utepe au vipande vya kitambaa vya rangi, mpira wa maji, na mifuko michache ya matandazo ya magome ya miti. Mbolea usinunue. Najua iko kwenye ofa mlangoni pale dukani, ipite tu.

Ongeza na simu yako, kwa sababu utapiga picha.

Hatua ya 1. Kaa.

Sitanii, hii ni hatua. Baada ya baridi kupita usikate kitu kwa wiki kadhaa. Huku Dallas barafu ya mwisho kwa kawaida ni katikati ya Machi, lakini kuna miaka inarudi baada ya hapo, watu washapanda nyanya. Ukikata mapema mambo mawili yanatokea: unakiamsha kichaka kitoe machipukizi laini ambayo baridi ya kuchelewa itayachoma, na unaondoa yale matawi makavu ambayo kwa ubaya wake wote yanawafunika wenzao wa chini. Alafu la tatu, hujui unachokata. Tawi hai na tawi mfu Februari yanafanana kabisa.

Ambacho unaweza kufanya sasa hivi ni kutoa vilivyovunjika kwa uzito wa barafu vinavyoning'inia, na mimea laini iliyogeuka mlenda, hiyo ondoa kwa sababu itanuka.

Hatua ya 2. Piga picha na uandike jina.

Picha moja ya kichaka kizima, moja ya shina pale linapoingia ardhini. Kama hujui jina lake tafuta sasa, kwa picha za mwaka jana zenye maua, au muulize aliyekuuzia nyumba. Jina ndo litakwambia usubiri mpaka lini, na nimeona watu wanabishana wiki nzima kuhusu kichaka ambacho hawajui hata ni nini.

Hatua ya 3. Angalia majani kabla hujagusa kisu.

Hiki kitu wengi hawakijui. Kama kichaka chako ni cha aina isiyopukutisha majani, alafu baada ya baridi majani yameungua na sasa *yanaanguka yenyewe*, hiyo ni habari njema, maana kuangusha jani ni kazi na kazi inafanywa na tawi lililo hai. Ya kuogopesha ni majani makavu ya kahawia yaliyong'ang'ania, unavuta hayatoki, mwezi unapita yapo vilevile. Hapo tawi huenda lilikufa ghafla kabla halijapata nafasi ya kuyaachia. Ni dalili tu lakini, usichukue msumeno kwa sababu ya majani peke yake.

Hatua ya 4. Kwaruza.

Hapa ndo penyewe. Subiri siku ya jua, baridi imeisha angalau wiki mbili tatu zilizopita, maana ukikwaruza siku ya pili baada ya barafu utaona kijani ambacho kesho kutwa kitageuka, tishu iliyokufa inachukua muda kubadilika rangi. Wengi wamedanganyika hapo na mimi nimo.

Anza *juu*, kwenye ncha ya tawi jembamba. Kwaruza ganda kidogo tu, eneo dogo kama punje ya mchele, usichimbe. Chini ya ganda kuna tabaka jembamba linaloitwa kambiamu. Likiwa kijani au jeupe lenye majimaji, hapo pana uhai. Likiwa kahawia, kavu, au jeusi, hapo pamekufa. Kama pamekufa shuka sentimita 15 hivi, kwaruza tena, shuka tena, mpaka ukutane na kijani au ukutane na ardhi. Ukikuta kijani funga utepe hapo, endelea na tawi lingine. Matawi matatu au manne ya pande tofauti yanatosha, na usisahau upande wa kaskazini maana ndo unaopigwa na upepo, upande wa ukutani huwa umepona.

Kosa kubwa la hapa: mtu anakwaruza tawi moja, la juu, anakuta kahawia, anatangaza msiba. We shuka mpaka chini. Na kosa la pili ni kukwaruza shina zima kuzunguka, hapo hata kama kilikuwa hai umekimaliza mwenyewe.

Ukiwa hapo jaribu pia kupinda vijitawi. Kinachopinda kama mjeledi kina uhai, kinachokatika *tak* kama kuni hakina.

Hatua ya 5. Piga magoti, angalia shingo ya mti.

Sukuma matandazo pembeni, tazama pale shina linapokutana na udongo, kwaruza hapo pia. Kama shingo ni kijani na ngumu, juu pote kukiwa kuni, bado una kichaka. Kama ni laini, inabonyea, ina harufu ya kuoza au ganda linachubuka lenyewe kama karatasi, hicho kimekwenda.

Angalia na mipasuko. Maji ndani ya shina yakiganda ganda linapasuka kwa urefu, utaona ufa. Ufa mmoja mfupi mti unaweza kuufunga wenyewe, usiupake rangi wala lami wala udongo wa mfinyanzi kama nilivyoona jamaa mmoja amefanya. Ganda likiwa limeachia kuzunguka shina lote, juu ya hapo hakuna kitakachoendelea kuishi hata kama leo kina kijani.

Hatua ya 6. Maji.

Watu wanasahau hii kwa sababu kichaka hakina majani, wanaona cha nini. Mizizi hai inahitaji udongo wenye unyevu na Machi ya huku ina upepo unaokausha balaa. Kama mvua hainyeshi mwagilia kama inchi moja kwa wiki, yaani sentimita mbili na nusu, polepole iingie chini. Chomeka kidole kwanza, kama kuna unyevu acha, huu udongo wetu mweusi wa mfinyanzi unashika maji na mizizi iliyojeruhiwa ikikaa kwenye tope inaoza. Alafu tandaza matandazo unene wa inchi mbili mpaka tatu, yasiguse shina.

Mbolea bado. Kumpa mbolea mgonjwa asiye na majani ni kama kumwekea pilau mtu ambaye ndo kwanza ametoka kupasuliwa. Subiri mpaka aanze kujitafutia mwenyewe, majani mapya yametoka na kukomaa kidogo, ndo umpe kiasi.

Hatua ya 7. Subiri kwa jina.

Hapa kila kimoja kina kalenda yake, na ndo pale ile hatua ya 2 inalipa.

Bokswudi na holi ni vigumu, hata 2021 vingi vilitoka vimeungua majani tu. Mwisho wa Aprili vikiwa havijaonyesha kitu anza kuwa na wasiwasi. Nandina ilipukutisha kila kitu ikarudi kama vile baridi haikuwepo. Mawaridi mengi yanarudi.

Olianda, lantana, na haibiskasi zile za kuvumilia baridi, usiziulize kitu kabla ya Mei. Hizi zinaweza kufa juu zote na kurudi kutoka mizizini, na hazina haraka hata kidogo, zinataka udongo uwe na joto kweli kweli. Krepu mato nayo inachelewa kuamka hata mwaka wa kawaida, kila Aprili kuna mtu ananiambia yake imekufa.

Pitosporamu na indiani hothoni, pole. 2021 upande wa Dallas vilikufa kwa wingi, mitaa mizima ilibaki na mistari ya vichaka vya kahawia mbele ya nyumba. Pima kama vingine lakini moyo uuandae. Rozmeri vivyo hivyo, ikishakauka mbao haichipui. Na bogenvilia iliyokaa nje ardhini Dallas usiku wa digrii kumi za Farenhaiti, hiyo ndugu yangu ilikuwa ya kuingiza ndani, ingawa wa Houston zao mara nyingi zinatoka tena chini.

Vilivyokuwa kwenye vyungu matumaini yake ni madogo zaidi, kwa sababu chungu hakina ardhi ya kukikinga, kimezungukwa na baridi pande zote mizizi ikaganda. Pima shingo, kisha kitoe chunguni uangalie mizizi: myeupe au ya hudhurungi iliyo ngumu ni mizima, myeusi ya mlenda basi.

Hapo katikati ikitangazwa baridi ya kuchelewa na kichaka kishaanza kuchipua, kifunike jioni kwa shuka au blanketi kuukuu, lishuke mpaka ardhini ili joto la udongo lisitoke, asubuhi joto likipanda juu ya 32 za Farenhaiti ondoa. Plastiki ikigusa majani inayachoma. Na kanga usichukue bila kuuliza, nimelala kwenye kochi kwa jambo hilo.

Hatua ya 8. Sasa kata.

Machipukizi yakishatoka kichaka chenyewe kitaonyesha mstari, juu ya hapa pamekufa, chini ya hapa pako hai. Futa mkasi kwa spiriti, kata kidogo juu ya chipukizi hai la kwanza unalokutana nalo chini ya sehemu mfu, kata kwa mshazari, angalia kidonda: ndani kikiwa cheupe chenye unyevu umefika, kikiwa cha kahawia shuka tena. Futa makali ukihamia kichaka kingine.

Kama juu kote kumekufa na machipukizi yanatoka ardhini, kata mashina yote makavu yaache inchi chache. Inaonekana ukatili lakini usibakize mifupa mirefu katikati kwa huruma, machipukizi mapya yatakua yakizunguka kuni. Yakiwa mengi sana chagua manne matano yenye nguvu, mengine toa.

Vichaka vinavyotoa maua mapema masika, kama azalia, na haidranjea za majani mapana, vilishatengeneza matumba ya maua tangu mwaka jana. Kama baridi imeyala basi mwaka huu utapata majani bila maua, na ukikata matawi mazima yenye uhai unajiongezea hasara. Kata mfu tu.

Onyo la olianda: kila sehemu yake ni sumu, majani, maua, matawi, hata yakikauka. Vaa glavu, usichome moto maana moshi wake nao ni sumu, usiweke kwenye jiko la nyama choma, watoto na mbwa wakae mbali. Kama unafuga mbuzi kule nje ya mji ndo kabisa, usiwatupie.

Hatua ya 9. Siku ya uamuzi.

Kufika mwisho wa Juni, umemwagilia, umepima chini kabisa, hakuna hata chipukizi moja, chimba. Kuna watu wa kukata majani na kutunza bustani watakuja mlangoni kwako Machi wanakwambia vyote vimekufa wanaving'oa kwa bei nzuri na kupanda vipya. Wengine ni waaminifu, lakini kumbuka anayekupa hukumu ndiye anayelipwa kwa kuchimba kaburi, we mwambie arudi Juni.

Matatizo yanayokuja baada ya hapo

*Kimechipua vizuri, alafu wiki tatu baadaye machipukizi yamenyauka yote.* Inauma hii. Kilichipua kwa akiba iliyobaki kwenye tawi, lakini njia za maji kutoka mizizini zilishaharibika, joto lilipopanda kikaishiwa. Kwaruza upya kuanzia juu, kata mpaka penye uhai, chini kunaweza kutoka kingine.

*Upande mmoja umerudi, mwingine kuni.* Kawaida. Kata upande uliokufa, kipe msimu mmoja au miwili kijaze. Kama kiko kwenye mstari wa ua na pengo linakukera badilisha kimoja, sio mstari mzima.

*Waridi langu lilikuwa la njano, sasa linatoa maua mekundu yaliyokolea.* Hilo sio waridi lako. Mawaridi mengi yamebebeshwa, yaani yameunganishwa, juu ya mzizi wa aina nyingine, na mzizi unaotumika sana Marekani ni Dr. Huey ambao maua yake ni mekundu hivyo hivyo. Juu ya uvimbe wa kubebeshea kumekufa, mzizi umejiotea. Ukilipenda liache.

*Mti wangu wa satsuma (aina ya chenza) umerudi na nguvu, miiba mirefu, majani matatumatatu.* Habari ni ileile, hilo ni shina la chini ambalo satsuma ilibebeshwa juu yake, matunda yake machungu na yamejaa mbegu. Ng'oa.

*Sago yangu imekuwa rangi ya majani makavu yote.* Hiyo sio kichaka wala sio mnazi lakini mnaiulizia kila siku. Bonyeza moyo wake katikati kwa mkono wenye glavu. Ukiwa mgumu kata majani yaliyokufa usubiri mpaka kiangazi kimekolea, ukibonyea na kunuka imekwenda. Mbegu zake ni sumu kwa mbwa, ziokote.

*HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) wameniandikia barua niondoe vichaka vilivyokufa ndani ya siku kadhaa.* Mi pia niliipata. Nilichofanya, niliwatumia zile picha za hatua ya 2, na picha ya tawi lililokwaruzwa likionyesha kijani, nikaandika kwa upole kwamba kiko hai nakisubiri mpaka Juni, nikaomba muda. Walinipa. Jirani hakujibu yake kabisa, na olianda zake ndo zile.